Meksiko Ilivyokwenda Rungwa

Nilifungua zipu kidogo tu, harufu ikanijia: vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, ngozi iliyokaa gizani miaka mingi, na kwa mbali mafuta ya karafuu ambayo Shangazi Hamida alikuwa akijipaka magotini. Nikafunga. Nikalisukuma begi chini ya kitanda, nikaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Lilikuja na basi kutoka Singida, juu yake karatasi yenye jina langu kwa mwandiko wa binamu yangu Rukia. Rukia ni binti wa Shangazi Hamida. Shangazi ni dada wa marehemu baba yangu, na ndiye aliyenilea tangu baba alipofariki na mama akarudi kwao Mtinko kulima. Tulimzika miezi miwili iliyopita. Sikulia. Watu wakasema nimejikaza, nami nikawaacha waseme.

Jioni ile Rukia akapiga simu.

"Limefika?"

"Limefika. Kwa nini umeniletea mimi?"

"Mama alisema upewe wewe. Na kuna jambo jingine, dada. Msibani ulikuwa unanikwepa, ndiyo maana sikukwambia. Mama aliacha wasia mbele ya wajomba. Anataka ahijiwe. Na amesema aende Saida."

"Nipe wiki moja."

"Wiki ya nini tena? Si ni mama yako huyu?"

"Wiki moja, Rukia."

Kwa asiyejua, mtu akifa kabla hajahiji, mwingine anaweza kwenda Makka kwa niaba yake. Huitwa hijja ya badali. Mimi yangu nimeshakwenda, kwa hiyo nafaa. Kwa Rukia ni jambo dogo, ndiyo au hapana. Hajui kwamba mama yake alikosa kwenda Makka kwa mkono wangu mimi, nikiwa na miaka kumi. Wala hajui kwamba mpaka leo, mtu mzima mwenye watoto, sijaamua kama najuta.

Banda la Shangazi lilikuwa sokoni Singida mjini, upande ambao upepo unapiga bila huruma na vumbi linanuka mashudu ya alizeti. Aliuza mabegi ya mtumba: ya mkononi, ya mgongoni, na yale makubwa ya safari. Wazee waliita bidhaa ile kafa Ulaya, na sisi watoto tuliamini neno kwa neno. Kila begi lilikuwa na marehemu wake. Belo la mabegi likifunguliwa, Rukia alikuwa akinong'ona, "Poleni," kabla hajagusa kitu.

Kazi yetu sote wawili ilikuwa kukagua mifuko. Shangazi alikuwa na sheria moja tu kuhusu kazi hiyo, na aliitangaza mbele ya wateja kwa sauti ya kujisifu: "Kilichomo mfukoni ni cha aliyefungua zipu. Kwangu hakuna kudhulumiana." Kwa sheria hiyo nilijipatia vitana, vibanio vya nywele, ufunguo wa mlango nisioujua, na mara moja jino la maziwa lililofungwa kwenye pamba. Jino lile tulilizika nyuma ya banda, tukalisomea Fatiha.

Siku moja, ndani ya begi la safari la rangi ya kahawia, mfuko wa pembeni ambao zipu yake ilikuwa ngumu mpaka nikaitia mshumaa, nikakuta kitabu chembamba cha picha. Karatasi zake zilikuwa nzito na zinang'aa. Nyumba za njano, nyekundu na bluu zimepanda mlima wa mawe. Ngazi za mawe zinazokwenda juu hadi mbinguni. Mchanga mweupe na miavuli ya makuti. Na juu ya picha hizo mtu alikuwa amezungushia duara kwa kalamu ya bluu, na kando yake ameandika andika.

Mwalimu Njiku, aliyefundisha Kiingereza sekondari, alikuwa akichagua begi siku hiyo. Nikamwamkia, nikamwomba anisomee.

"Hii ni Meksiko," akasema.

Meksiko tulikuwa tunaijua. Ninyi mliokua miaka ile mnakumbuka: kila jioni mtaa mzima ulijazana kwa jirani mwenye televisheni kutazama tamthilia, na Meksiko ilikuwa nchi ya wanawake wanaolia kwenye ngazi na wanaume wanaorudi wakiwa hawakufa. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kwenda huko.

"Huyu mama alikuwa anapanga matembezi," Mwalimu akaendelea, akifuata ule mwandiko kwa kidole. "Safari fupi fupi. Siku tatu mjini, siku tatu baharini, anarudi kwao. Halafu mwaka mwingine, mji mwingine. Puebla. Guanajuato. Manzanillo."

"Anamtembelea nani?"

"Hamtembelei mtu. Anakwenda kuangalia."

"Kuangalia nini?"

"Majengo. Bahari."

"Halafu?"

"Halafu basi, anarudi."

Sikumwamini. Kwetu mtu alisafiri kwa msiba, kwa harusi, kwa ugonjwa au kwa biashara, na popote alipofika palikuwa na ndugu wa kumpokea. Nikaona Mwalimu, pamoja na elimu yake, hakuelewa alichokisoma. Lakini jambo moja alilisema nikalishika. Miji iliyozungushiwa duara ilikuwa sita. Miwili ilikuwa na alama ya vema. "Hiyo ameshakwenda," akasema. "Hii minne bado."

"Na hatakwenda tena," akasema Rukia kutoka chini ya meza. "Si ameshakufa."

Usingizi wangu uliharibika kwa neno hilo. Mtu amepanga safari, ameandika mpaka siku, kisha amekufa na miji minne mkononi. Na ilikuwa wiki ileile Maalim wetu wa madrasa, mzee mpole mwenye kikohozi, alikuwa akitufundisha hijja ya badali. Nikanyoosha mkono.

"Maalim, na kama marehemu alikuwa hajapanga kwenda Makka? Alikuwa amepanga kwenda Meksiko?"

Darasa zima likacheka. Maalim akavua miwani.

"Nani huyo?"

"Mwenye begi, Maalim. Bado miji minne."

"Saida, hiyo si ibada. Mungu hatamuuliza habari za Meksiko."

"Lakini mtu akitaka kumwendea, anaweza?"

Akakohoa kidogo, labda akicheka ndani yake. "Akitaka, aende. Lakini shika hili, mwanangu, maana ndilo la mtihani: anayekwenda kwa niaba ya mtu, sharti awe ametangulia kwenda kwa ajili yake mwenyewe. Ya kwako kwanza. Ya mwenzio baadaye."

Nikatoka pale na ruhusa kamili. Ningekwenda Meksiko mara mbili: kwanza yangu, kisha ya marehemu.

Nilichagua karatasi moja iwe yangu. Upande mmoja palikuwa na Guanajuato, mji wa nyumba za rangi juu ya mawe, nikaupenda kwa sababu mawe yake yalifanana na ya kwetu. Upande wa pili palikuwa na Manzanillo na bahari yake. Ukigeuza karatasi tu umefika pwani. Nikaandika kwa penseli kwenye ukingo mweupe: Safari ya Saida. Siku sita. Kisha nikaanza kupanga kwenye daftari, na nilipanga hasa, kwa sababu Shangazi alikuwa akisema mimi ni mzembe na nilitaka kumwonyesha.

Nilihitaji wenyeji. Kwenye picha ya soko palikuwa na bibi anauza maua, nikamteua kuwa mwenyeji wetu wa mjini. Baharini palikuwa na nyumba kubwa yenye madirisha yasiyohesabika, nikajua hapo unaishi ukoo mkubwa, hatutakosa pa kulala. Zawadi: kuku wawili wa kienyeji, jogoo na mtetea, wakiwa hai, galoni ya mafuta ya alizeti, na asali. Siku ya kwanza kufika, kuamkia wakubwa, kupumzika. Siku ya pili soko na ngazi. Siku ya tatu kuaga mjini, maana huwezi kuondoka kwa watu kimyakimya. Siku ya nne baharini, lakini kuogelea ni saa kumi jioni jua likiwa limepoa, kama wafanyavyo watu wenye akili. Niliandika hata chapati ngapi za njiani.

Tulifanya na mazoezi. Jumapili moja tukabeba begi dogo hadi ziwa Singidani, mimi, Rukia na chapati nne. Chumvi imeganda pembeni mwa maji, nyeupe, tukaita huo ndio mchanga wa Manzanillo. Ndege aina ya heroe walikuwa mbali katikati, mstari wa waridi. Nilipokwenda kuchota maji ya kunawa, Rukia akala chapati tatu.

Hapo ndipo ilipozaliwa orodha. Nyuma ya daftari nilichora mstari katikati: kulia wanaokwenda, kushoto wasiokwenda, na kila asiyekwenda nikamwandikia sababu. Kwanza ilikuwa hasira ya chapati. Lakini nikagundua raha ambayo sikuwahi kuipata kwa kingine chochote. Mtu anakukosea mchana, wewe unanyamaza, jioni unamtoa Meksiko. Yeye anaendelea kutembea hajui. Mwana wa jirani aliyeniita mtoto wa shamba, kushoto. Mwalimu wa zamu aliyenichapa kwa kosa la mwingine, kushoto. Kulia tulibaki mimi na mama yangu wa Mtinko, na bado nafasi zilikuwapo.

Shangazi alikuwa na sababu nyingi kuliko wote, mpaka ikabidi nimpe ukurasa wake. Walikwenda Tanga harusini, nyumba nzima, akaniacha nimlindie kuku. Aliporudi na Rukia mikono imejaa makombe ya pwani, nikauliza kama kuna langu. Akasema, "Wewe utayafanyia nini?" Nililala na swali hilo miaka. Na alipenda kuwaambia wateja, nami nimesimama hapo, "Huyu ni wa marehemu kaka yangu, mama yake ni wa Mtinko huko, nimemwokota tu." Nikaandika yote. Shangazi Hamida, haendi. Sababu, namba moja mpaka namba kumi na tisa.

Rukia alipojiona kushoto kwa ajili ya chapati, alilia siku nzima, kisha akachukua daftari akampelekea mama yake.

Shangazi alisoma akiwa amekaa kwenye kigoda mbele ya banda. Alisoma taratibu, midomo ikitembea, ukurasa wake wote. Nilisimama pembeni nikihesabu vidole vya miguu yangu. Nilitegemea fimbo. Nilikuwa tayari kwa fimbo.

Hakunipiga. Alisema tu, "Nipe hicho kitabu cha picha."

Sasa niwaeleze: begi la mtumba likitoka kwenye belo limesinyaa, halina sura. Ili lipendeze mezani, muuzaji hulishindilia makaratasi ndani mpaka lisimame. Sisi tulitumia magazeti makuukuu. Siku hiyo Shangazi hakutumia magazeti. Alichana kitabu changu karatasi moja moja, akaifinyanga kila moja kwenye ngumi yake, akaisukuma ndani ya begi. Puebla iliingia kwenye begi jeusi la kike. Zile ngazi za mawe ziliingia kwenye mkoba wa shule.

"Shangazi, ni changu," nikasema. "Mimi ndiye niliyefungua zipu."

"Na begi ni la nani?"

"Umesema mwenyewe. Kilichomo mfukoni..."

"Tazama vizuri," akanikatiza, akicheka pamoja na mteja mmoja mwanamke. "Hiyo Meksiko yako inakwenda Misigiri. Hii nyingine, sijui, labda itafika Manyoni. Itembee, si ndicho ulichotaka?"

Yule mteja alicheka mpaka akashika ubavu. Nimesahau sura za watu wengi wa utoto wangu, lakini meno ya mwanamke yule nayakumbuka.

Aligeuka kumpunguzia mtu bei, nikachomoa karatasi moja kutoka begi lililokuwa karibu nami. Ilikuwa yangu, ya Guanajuato na Manzanillo. Nikaitia ndani ya gauni. Nyingine zote ziliuzwa ndani ya mwezi ule, na kila begi lilipoondoka nilitazama linakoelekea.

Mwaka huohuo, kaka zake Shangazi walioko Dar es Salaam wakaamua dada yao aende kuhiji. Nyumba ikageuka. Watu wakawa wanaingia na kutoka, Shangazi akawa anaongea taratibu na kufumba macho. Pasipoti yake ililetwa, pamoja na kadi ya manjano ya chanjo, akaviweka kwenye kimkoba alichokivaa shingoni na kukivua wakati wa kuoga na kuswali tu. Kwenye begi lile la kahawia, ambalo alikataa kuliuza akalifanya lake, akapanga nguo nyeupe.

Na kama ilivyo ada, anayekwenda Makka hupita kwa watu kuaga na kuomba radhi. Hawezi kwenda na haki za watu shingoni. Shangazi alipita mtaa mzima. Alikwenda kwa jirani mwenye televisheni ambaye walinuniana miaka miwili, wakakumbatiana wakalia. Alikwenda kwa wauza vitunguu. Alimsimamisha hata mteka maji mwenye punda, akamwambia, "Nisamehe, baba, kama nilikutolea neno."

Mimi nikangoja zamu yangu. Nilikaa mlangoni siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilishajiandalia nitakavyojibu. Ningenyamaza kidogo kwanza, ajisikie vibaya, kisha ningesema, nimekusamehe Shangazi, na usiku ningemhamishia kulia. Wallahi ningemhamisha. Nilikuwa nimeshampangia hadi chumba, kwenye ile nyumba ya madirisha mengi.

Siku ya nne alinikuta nimekaa palepale mlangoni. Akasimama.

"Saida, hujafagia uani?"

"Shangazi, umemaliza kuomba watu radhi?"

"Nimemaliza, alhamdulillahi. Wote."

"Na sisi watoto?"

Akacheka, si kwa ubaya hata, na hiyo ndiyo iliyoniua. "Mtoto anaombwa radhi ya nini? Nenda kafagie."

Nikaenda nikafagia. Nilifagia vizuri sana siku ile.

Kesho yake mchana tulikuwa bandani. Mwanaume mmoja mrina asali kutoka Rungwa alikuwa amechagua begi la mgongoni la kijani, ameshalipia, akaomba tumwekee wakati anakwenda kula, maana gari la kwao linaondoka saa nane. Shangazi akaenda kutawadha, akaacha kimkoba chake juu ya msumari.

Siwezi kusema shetani alinipitia. Nilikuwa peke yangu na akili zangu zote. Nilitoa pasipoti na kadi ya manjano. Nikatoa na ile karatasi yangu, ambayo nilitembea nayo siku zote ndani ya gauni, nikavifunga ndani yake, kona nne, kama tulivyofunga sabuni za zawadi. Kwa nini niliitoa na karatasi yangu ya mwisho? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani nilitaka mambo yawe sawa: kama yangu imekwenda Rungwa, na yake iende. Nikafungua mfuko mdogo wa ndani wa begi la kijani, nikatia, nikafunga zipu. Kilichomo mfukoni ni cha aliyefungua zipu. Kwenye kimkoba nikaweka gazeti lililokunjwa kwa ukubwa uleule.

Yule bwana akarudi akijisafisha meno kwa kijiti, akanishukuru, akaondoka na begi mgongoni.

Shangazi aligundua siku ya kuondoka, kituo cha basi, watu wote wamekuja kumsindikiza. Alifungua kimkoba amwonyeshe kiongozi wa safari. Sitaeleza sauti aliyoitoa. Walirudi nyumbani wakapekua, wakapekua banda, wakamwaga mabegi yote. Waliniuliza kama walivyouliza kila mtu, nikasema sijui. Kundi lake likaondoka. Jioni alikaa uani kwenye mkeka na nguo zake nyeupe, hakuna aliyethubutu kumsogelea, nami nikawa namtazama kupitia tundu la ukuta wa jikoni.

Nilifurahi. Naandika hivi kwa sababu nimechoka na watu wanaosimulia utoto wao kama walikuwa malaika. Nilifurahi, na nikala ubwabwa wa safari yake sahani mbili.

Miezi minne baadaye mrina asali yule akaja na chupa ya asali na pasipoti. Alifungua mfuko mdogo siku alipotaka kuweka sindano za kushonea, ndipo akaviona. Mahujaji walikuwa wamesharudi, tende zao zimeshaliwa. Nilikuwa shuleni, nikahadithiwa. Shangazi alinionyesha pasipoti ile jioni, akaiweka mezani mbele yangu, akasema, "Imerudi." Basi. Karatasi sikuiona, sikuiuliza, nikaamini yule bwana aliitupa au aliwashia moto wa kufukuzia nyuki.

Mwaka uliofuata kaka yake mkubwa, aliyekuwa nguzo ya safari, akafariki. Kisha sukari ikamshika Shangazi, miguu ikavimba, daktari akakataza. Kila msimu wa hijja alikuwa akilitoa begi la kahawia, anaanika nguo nyeupe juani, anazikunja tena na vidonge vya nondo. Nilimtazama akifanya hivyo mpaka nilipoolewa na kuondoka. Mara nyingine nilimsaidia kuzikunja.

Nilipopata safari yangu ya Makka, nilirudi Singida kuomba radhi. Alikuwa amekaa kitandani, Rukia akimkanda magoti. Nikapiga magoti, nikasema maneno yanayosemwa na kila mtu: "Shikamoo Shangazi. Nisamehe niliyokukosea, unayoyajua na usiyoyajua."

"Marahaba. Nimekusamehe ninayoyajua," akasema, na akaishia hapo. Kisha: "Uniombee huko."

Nikabaki nimepiga magoti kitambo, nikingoja na yeye aseme lake. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na saba, nikingoja tena kama siku zile pale mlangoni. Akageuza uso ukutani, akamwambia Rukia asogeze mto. Nikainuka. Makka nilimwombea kila mtu niliyemkumbuka, na yeye nikamwombea miguu, miguu tu.

Siku ya sita ya ile wiki niliyoomba, nilivuta begi kutoka chini ya kitanda nikalifungua lote. Nguo nyeupe zilikuwa juu, zimeanza kuwa njano kwenye mikunjo. Nikazitoa moja moja. Mfuko wa pembeni, ule ule wenye zipu ngumu, ulikuwa umetiwa mshumaa upya. Ukafunguka kwa wepesi.

Ndani palikuwa na pasipoti na kadi ya manjano. Vilikuwa vimefungwa kwenye karatasi ya Guanajuato, kona nne, vilevile nilivyovifunga mimi, mikunjo ileile, imebanwa mpaka imekuwa laini kama kitambaa. Upande wa nje, penseli yangu: Safari ya Saida. Siku sita. Kando kidogo, kwa herufi ndogo, nilikuwa nimesahau kabisa kwamba niliandika hapo pia: Shangazi haendi.

Nilikaa sakafuni. Alijua. Kuanzia siku ile mrina asali alipokuja alijua, akanilisha, akanisomesha, akaniozesha, na hakusema neno. Akaniacha nikunje naye nguo nyeupe kila mwaka. Wapo watakaosema huo ndio msamaha. Mimi namjua Shangazi Hamida, nimelelewa naye, na nasema alikaa juu ya karatasi ile kama mimi nilivyokaa juu ya orodha yangu, akingoja zamu yake. Akafa, akanitaja jina mbele ya kaka zake, akaniletea begi. Nimbebe. Nizunguke naye Kaaba mara saba.

Na bado hakuniomba radhi. Nilipekua mifuko yote, nikapapasa hadi bitana. Nililia hapo, kwa mara ya kwanza tangu afe, nikiwa nimeshika sketi yake nyeupe, na nililia kwa hasira.

Kisha nikanawa uso, nikampigia Rukia.

"Nitakwenda," nikasema.

"Alhamdulillahi! Nilijua tu, dada. Basi niwaambie wajomba waanze..."

"Subiri. Nitamhijia. Lakini yangu kwanza."

"Yako si ulishakwenda?"

"Ile nimeshakwenda. Nasema Meksiko."

Nikasikia kuku wao wakilia uani kule Singida.

"Meksiko kuna nani?"

"Hakuna mtu. Siku tatu mjini, siku tatu baharini. Nakwenda kuangalia."

"Saida," Rukia akasema taratibu, na nikajua sasa amekumbuka daftari, na banda, na ngumi za mama yake. "Na mama je?"

"Mama atasubiri. Siku sita hazitamuua."

Hakucheka wala hakukata simu. Akauliza, kwa sauti ya yule mtoto wa chini ya meza, kama yeye bado yupo kushoto. Nikamwambia njoo na chapati zako mwenyewe.

Karatasi sasa iko mezani hapa ninapoandika, nimeinyoosha kwa pasi ya moto mdogo. Nimeongeza tarehe za kwenda na za kurudi chini ya mwandiko wangu wa utotoni. Kuku na galoni ya mafuta nimevifuta. Nilipofika kwenye yale maneno mawili ya pembeni, nikashika kifutio, nikakaa nacho mpaka chai ikapoa. Kisha nikakirudisha kwenye droo.